Mashetani 51 ya Notre-Dame ya Dijon hayatoi maji, na kwa nini wewe mtu wa civil ungeingia ndani kwanza

Swali nalifupisha ili na wengine wafuate. Kijana mmoja anasoma uhandisi wa ujenzi huko Ufaransa, alishuka Dijon siku ya mvua akaenda kuliona kanisa la Notre-Dame, akakuta mbele limejaa watu na wanyama wa mawe wametoa shingo nje, midomo wazi. Anasema: "Mwalimu, niliambiwa yale ni ya kutemea maji ya mvua, nikasimama pale chini na mwavuli wangu hamna hata tone lililotoka mdomoni. Halafu wakaniambia hili siyo kanisa kuu la jimbo, ni parokia tu, na kule ubavuni watu wanampapasa bundi wa jiwe. Hivi mashetani yanafanya nini kwenye nyumba ya Mungu, na mimi mtu wa civil niangalie nini pale, maana nina ripoti ya kuandika?"

Mdogo wangu, umeona vizuri kabisa. Yale madude hayatoi maji kwa sababu hayana mfereji, ni mapambo matupu. Gagoili ya kweli ni gata la jiwe, yaani kuna mfereji umechongwa kwenye mgongo wake, maji ya paa yanaingia kwa nyuma, yanapita mgongoni, yanatokea kooni na kurushwa mbali na ukuta. Kuta za wakati huo ni jiwe la chokaa lililounganishwa kwa chokaa na mchanga, sasa maji yakiteremka palepale mwaka baada ya mwaka yanakula maungio na ukuta unaanza kuachia, ndo maana shingo ya gagoili ikawa ndefu, inafanya kazi ile. Ya Dijon yana shingo ndefu sawa, ila yamepangwa katikati ya uso wa kanisa, safu tatu za 17, jumla 51, na ukijiuliza tu hayo maji yangetoka paa gani kufika pale katikati ya ukuta, jibu unalo.

Na kuna jingine ambalo wengi hawaambiwi. Hayo uliyoyapiga picha siyo ya karne ya 13. Yalichongwa kati ya 1880 na 1882 na wachongaji walioletwa kutoka Paris, wakati wa ukarabati mkubwa ulioanza 1865 ukaisha 1884. Yaani yamelizidi kanisa la St. Joseph pale Dar es Salaam, ambalo Wajerumani walianza kulijenga 1897, kwa miaka kama 15 tu! Hata yale mashetani maarufu ya Notre-Dame ya Paris, lile lililoshika tama linaangalia mji, nayo ni ya karne ya 19, ya ukarabati wa msanifu Viollet-le-Duc. Huyu mtu kumbuka jina lake, tutarudi kwake.

Sasa ya zamani yalienda wapi? Kuna kisa kilichosimuliwa na padre mmoja wa Kidominiko wa karne hiyohiyo ya 13, Étienne de Bourbon. Anasema karibu mwaka 1240 kulikuwa na tajiri mmoja wa Dijon, kazi yake kukopesha kwa riba, akaja kanisani kufunga ndoa. Siku hizo ndoa ilifungwa mlangoni, chini ya baraza, ndipo watu waingie ndani kwa misa, kwa hiyo bwana harusi amesimama pale nje na wageni wake. Juu ya mlango kulikuwa na sanamu za hukumu ya mwisho, mmojawapo ni mkopesha riba na mfuko wake wa hela anaburutwa na shetani. Ikaanguka ile sanamu ya mkopesha riba, ikampiga kichwani mkopesha riba wa kweli, akafa hapohapo. Wenzake wa biashara wakaona hii sasa ni hatari, wakatoa hela sanamu zilizokuwa zimening'inia mbele ziondolewe.

Mimi kisa hiki nakichukulia kwa tahadhari, maana Étienne alikuwa anakusanya visa vya kutumia kwenye mahubiri na hiki kimekaa vizuri mno kimahubiri. Ila mazingira yake ni ya kweli, kanisa lilikuwa na ugomvi mkubwa na watu wa riba, Mtaguso wa tatu wa Laterani mwaka 1179 ulishawanyima mazishi ya Kikristo wakopesha riba wanaojulikana wazi. Zile sanamu za milangoni zilizobaki nazo zilipigwa nyundo 1794 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, ndo maana ukisimama barazani unaona mawe yaliyokwanguliwa sura, mpaka leo. Waliofanya ukarabati wa karne ya 19 wakarudisha madude ya mbele, ila makovu ya milangoni wakayaacha. Mimi hapo nawapongeza, kovu lile ni la kweli kuliko yale madude 51.

Kuhusu mashetani kuwepo kanisani, wala usihangaike sana. Wengine watakwambia ni ya kufukuza pepo wabaya, wengine kwamba ni dhambi zimebaki nje ya mlango, kila mwongoza watalii ana yake. Ukiyaangalia vizuri utakuta mengine siyo mashetani hata kidogo, kuna watu wa kawaida tu na wanyama. Ninachokiona mimi ni fundi kapewa jiwe refu limetokeza nje, akaambiwa ulipe uhai, akajiachia.

Haya, tuingie kwenye kazi yako sasa.

Anza na kiwanja. Hapa palikuwa na kanisa dogo la Maria nje ya ukuta wa mji, halafu mwaka 1137 moto mkubwa ukaunguza Dijon, mji ukajengewa ukuta mpya mpana zaidi na hicho kikanisa kikajikuta ndani, katikati ya mtaa wa watu wa kawaida, mafundi na wachuuzi, nyumba zimebanana. Walipoanza kujenga hili la sasa, miaka ya 1220 hivi, hawakuwa na uwanja wa kujitanua. Kanisa kuu la Reims au Amiens linaweza kutawanya maegemeo yake makubwa, yaani zile nguzo nene za nje za kushikilia ukuta usisukumwe, pande zote kama linavyotaka, hapa ukitanua egemeo unaingia kwenye kibanda cha mtu. Fundi mkuu, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, akaletewa tatizo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuchora nyumba ya Kariakoo analijua, kiwanja kidogo na mwenye mali anataka kitu kikubwa.

Ufumbuzi wake ndo sababu ya kanisa hili kuzungumzwa na mainjinia kwa miaka mia nane. Alitenganisha kinachobeba na kinachoziba. Kama vile ghorofa la leo, nguzo na mihimili ndo inabeba halafu tofali zinajazia tu, ukibomoa ukuta wa tofali ghorofa haliendi popote. Sasa yeye hana nondo wala zege, ana jiwe na chokaa, na jiwe halitaki kuvutwa linataka kukandamizwa, kwa hiyo kila kitu lazima kisukumane mpaka chini bila sehemu yoyote kuvutika.

Dari la ukumbi wa kati ni la mawe, la mbavu, yaani lina matao membamba ya jiwe yanayopita chini yake, na kila kipande chake kimegawanywa sehemu sita. Chukua kipande kinachofunika nafasi mbili za nguzo, chora mbavu mbili za kukata kona kwa kona, halafu moja ya kupita katikati kwenda ubavu hadi ubavu, unapata sehemu sita. Tatizo la dari la hivi ni kwamba nguzo zinazopokea mbavu za kona zinabeba mzigo mkubwa na zile za katikati mdogo. Ukienda Sens, kanisa la zamani kuliko hili, utaona fundi kaliheshimu hilo, kaweka nguzo nene, nguzo nyembamba, nene, nyembamba, mpaka mwisho. Dijon nguzo za chini ni za mviringo na zote zinafanana! Ukipita haraka huoni kama kuna kitu, ila mtu wa civil anatakiwa asimame pale ajiulize tofauti ya mzigo imeenda wapi. Imemalizwa huko juu, kwenye vinguzo vya ukutani na kwenye matao ya nje yanayoruka juu ya paa za pembeni kwenda kuegemea maegemeo yao, hivyo nguzo ya chini inapokea mzigo unaoshuka karibu wima.

Na matao yenyewe ni ya ncha, yale yenye kichwa kama yaliyopo St. Joseph Dar. Watu wanadhani ncha ni urembo wa kuelekeza macho mbinguni, sawa, ila kwa fundi ncha ina faida mbili. Kwanza tao la ncha linasukuma pembeni kidogo kuliko la nusu duara lenye upana uleule. Pili unaweza kufunika nafasi za upana tofauti ukafika kimo kilekile, la nusu duara likishapewa upana kimo chake kimeshaamuliwa.

Halafu pandisha macho usawa wa madirisha ya juu. Ukuta pale siyo mmoja. Kuna ngozi ya ndani ya vinguzo na matao membamba, kuna njia ya mtu kupita, halafu nyuma yake ndo ukuta wenye dirisha, mwembamba, umejazwa tu. Chini yake kuna ushoroba mwingine wenye vinguzo vyembamba mno. Haya mambo ya kupitisha njia ndani ya ukuta ni tabia ya Kiburgundi, yaani ya mkoa huu wa Dijon, utayakuta na Auxerre, ila Dijon wameyafikisha mbali kwa jengo la parokia. Inasimuliwa kwamba Vauban, yule injinia wa ngome wa Louis wa 14, alilipenda sana akasema linastahili kuwekwa ndani ya kasha. Soufflot, aliyejenga Panthéon ya Paris karne ya 18, naye alikuwa analitolea mfano, maana yeye alishambuliwa kwamba nguzo zake ni nyembamba zitaanguka, na hapa kulikuwa na jengo la miaka mia tano limesimama juu ya vijiti.

Sasa nikuoneshe kitu kimoja cha karibu kabisa, ambacho ningekuwa wewe ningekifanya ndo moyo wa ripoti. Sogelea kinguzo chochote chembamba kati ya vile vilivyosimama peke yake. Utaona hakina maungio, ni jiwe moja toka chini mpaka kwenye kichwa chake, au mawe machache marefu. Jiwe la chokaa huko ardhini limekaa kwa matabaka, na kawaida ya mwashi ni kulilaza ukutani vilevile lilivyolala machimboni, kwa sababu linabeba vizuri namna hiyo na halipasuki. Hivi vinguzo wamevisimamisha, tabaka limekaa wima. Mwashi yeyote atakwambia hiyo ni hatari, jiwe linaweza kupasuka kwa urefu. Walifanya kwa makusudi. Ukuta wa mawe madogo una maungio mengi, chokaa inachukua muda mrefu kukauka na inaendelea kubonyea chini ya mzigo, kila ungio linashuka kidogo, ukijumlisha maungio yote ukuta mzima unakaa chini. Jiwe moja refu lililosimama halina maungio ya kubonyea, kwa hiyo linabaki gumu wakati wenzake wanashuka, linageuka kuwa kigingi kinachoshikilia. Fundi anachagua wapi jengo liruhusiwe kukaa na wapi likataliwe. Bila kompyuta, bila hesabu za kuandikwa!

Aliyelieleza hili kwa kina ni huyohuyo Viollet-le-Duc, kwenye kamusi yake ya usanifu iliyotoka kwa juzuu kati ya 1854 na 1868, sehemu inayohusu ujenzi, kuna kurasa nyingi za Dijon na michoro mizuri ajabu. Isome. Ila usiinakili kama msahafu, walimu wako watakushika. Mwaka 1934 mtu anaitwa Pol Abraham alimpinga, akasema hiyo habari ya kwamba kila ubavu unabeba na kila kinguzo kina sababu yake ni mantiki ya karne ya 19 imevalishwa watu wa karne ya 13. Na mabomu ya vita yalionesha mambo ya kuchanganya, kuna makanisa mbavu zimeanguka dari likabaki, na kwingine mbavu zimebaki dari limeenda. Msimamo wangu mimi ni kwamba kwenye mbavu Abraham ana hoja, ila kwenye hivi vinguzo vya jiwe lililosimamishwa Viollet-le-Duc aliona sawa, maana huhitaji nadharia, unaviona kwa macho kwamba vimechaguliwa tofauti na ukuta wa nyuma yake.

Kitu kingine cha kuangalia ni pale mabawa mawili ya kanisa yanapokutana na ukumbi. Juu yake kuna mnara ulio wazi kwa ndani, wenye madirisha ya kushusha mwanga katikati. Kuweka mnara hapo ni kujitafutia kesi, kwa sababu unaikalisha tani nyingi juu ya nguzo nne ambazo tayari zinasukumwa na matao kutoka pande zote. Beauvais, kaskazini, walikuwa na kanisa kuu ambalo dari lake linafika mita 48, dari la kwanza likawaangukia 1284, halafu karne ya 16 wakaweka mnara mrefu pale kati kabla ya kujenga ukumbi wa kuuegemeza upande wa magharibi, 1573 ukaja chini wote. Dijon mnara ni mfupi, mzigo wa kiasi. Minara miwili ya mbele iliyopangwa haikuwahi kumalizika, ndo maana uso wa kanisa unaonekana umekatwa bapa kwa juu, kama ukuta mmoja mpana wenye safu mbili za vinguzo. Wanaopenda mambo ya Italia wanaufananisha na makanisa ya Pisa na Lucca. Uso ule hauna uhusiano mkubwa na kilichopo nyuma yake na kwa mtu wa kazi yako ni sehemu inayofundisha kidogo kuliko zote, samahani kwa mashetani.

Parokia au kanisa kuu? Hilo ni rahisi, ukubwa haumo kabisa. Kanisa kuu la jimbo ni lile lenye kiti cha askofu, basi, hata likiwa dogo. Wakati Notre-Dame inajengwa Dijon haikuwa hata na askofu, ilikuwa chini ya jimbo la Langres, jimbo la Dijon limezaliwa 1731 tu. Leo kanisa kuu ni Saint-Bénigne, kule upande wa stesheni, lililokuwa la watawa. Notre-Dame lilikuwa na limebaki la watu wa mtaa. Liliwekwa wakfu 1334, miaka mingi baada ya kuanza kutumika, jambo la kawaida tu kwa makanisa ya wakati huo.

Na kwa kuwa ni la mji, mji umelirundikia mambo yake. Ukiinua kichwa upande wa kulia juu utaona watu wa chuma wanagonga kengele. Huyo mwanamume anaitwa Jacquemart. Ni ngawira ya vita! Novemba 1382 Wafaransa waliwapiga Waflandri huko Roosebeke, na Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundi, akang'oa saa ya mji wa Kortrijk, Ubelgiji ya leo, na mgonga kengele wake akawapelekea watu wa Dijon zawadi. Cha kuchekesha ni kwamba Flandri ilikuwa ya baba mkwe wake, na miaka miwili baadaye ikawa yake yeye kwa njia ya mkewe, kwa hiyo aliiba mali ambayo ingemjia tu akisubiri. Jacquemart akagonga peke yake zaidi ya miaka 250, mwaka 1651 wakamletea mke, Jacqueline. Ikapita miaka mingine, mshairi mmoja wa mji, Aimé Piron, akawatania kwamba ndoa haina mtoto, ndipo 1714 akaongezwa Jacquelinet wa kugonga nusu saa, na 1884 binti, Jacquelinette, wa robo saa. Wakristo wa Kortrijk nina hakika wana maoni yao.

Ndani, upande wa kulia mwa altare, kuna sanamu ya mbao ya Bikira Maria amekaa, nyeusi, ya karne ya 11 au 12, ni kati ya za zamani kabisa Ufaransa, wanamwita Mama wa Tumaini Jema. Alikuwa amepakata Mtoto Yesu, ila Mtoto alipotea kwenye vurugu za Mapinduzi. Septemba 1513 jeshi la Waswisi liliuzingira mji, watu wakambeba huyu Mama kwenye maandamano, na baada ya siku chache Waswisi wakaondoka. Muujiza, wanasema wana Dijon. Wanahistoria wanakumbusha kwamba gavana La Trémoille alikaa mezani na Waswisi akawaahidi ekyu 400,000, hela ya Ufaransa ya wakati huo, na mfalme Louis wa 12 baadaye akakataa kuuthibitisha mkataba. Mimi sioni kwa nini ugomvi, aliyeomba aliomba na aliyeahidi hela aliahidi hela. Tarehe 11 Septemba 1944 Wajerumani nao wakaondoka Dijon, watu wakaunganisha matukio mawili, na kuna zulia kubwa la ukutani limefumwa kwenye kiwanda cha Gobelins huko Paris kwa mchoro wa mtawa Dom Robert linaloonesha yote mawili. Ukiwa palepale geukia bawa la kaskazini, madirisha matano marefu yana vioo vya rangi vya karne ya 13, vilivyobaki kati ya vingi. Vioo vingine vingi ni kazi ya Édouard Didron ya karne ya 19, mizuri, lakini bluu yake ukiitazama baada ya ile ya zamani utaona tofauti mwenyewe.

Bundi sasa. Amechongwa kwenye kona ya kikanisa kidogo kilichoongezwa ubavuni upande wa kaskazini mwishoni mwa karne ya 15 au mwanzoni mwa 16, mdogo tu, urefu wa mkono unamfikia. Unampapasa kwa mkono wa kushoto, upande wa moyo, unaomba neno lako. Kapapaswa mpaka hana macho wala mdomo, usingeambiwa ni bundi ungedhani ni jiwe lililoliwa na chumvi. Huku kwetu bundi akilia juu ya bati usiku watu wanaanza kuhesabu wagonjwa wa familia, kule ndiye nembo ya mji, mpaka timu yao ya mpira imemweka kwenye jezi. Januari 2001 mtu alimvamia na nyundo akampasua, mji mzima ukanuna, akatengenezwa upya kwa kutumia kalibu lililokuwa limechukuliwa kabla, na kamera zikafungwa. Kwa nini mchongaji alimweka pale hakuna maandishi yanayosema. Kiuhandisi hana lolote, ila mpapase, gharama yake nini.

Turudi kwenye ripoti yako, maana umesema una wiki chache. Usichore kanisa zima, hutamaliza. Chukua kipande kimoja tu cha ukumbi, kutoka dari mpaka sakafu, ukikate kwa wima, halafu fuata mzigo: ubavu, kinguzo, tao la nje, egemeo, nguzo ya mviringo, msingi. Kila hatua weka mshale na useme ni mkandamizo wa aina gani. Pembeni weka mchoro wa pili wa ukuta wa madirisha ya juu na ile njia ya ndani, uoneshe kipi kinabeba na kipi kinaziba, na kwenye vinguzo weka alama ya tabaka la jiwe limekaa wima au limelala. Nenda na darubini ndogo, kutoka chini hutaona maungio kwa macho matupu, na nenda siku ya jua la asubuhi kuliko siku ya mvua.

Tarehe ziandike kwa uangalifu, hapa ndo wengi wanapoteza maksi. Mifupa ya jengo ni ya karne ya 13. Uso wa mbele na mnara wa kati umeguswa sana 1865 hadi 1884, kazi ambayo michoro yake iliandaliwa na msanifu Lassus na utekelezaji ukasimamiwa na mwenzake Laisné, na walibomoa vitu vilivyoongezwa karne zilizofuata ili kulirudisha wanavyodhani lilikuwa. Kwa hiyo ukiona kitu kimenyooka mno, kona kali, jiwe jeupe sawasawa, shuku kwanza.

Na ruhusa. Ukitaka kubaki sakafuni huhitaji chochote, mlango uko wazi na hakuna kiingilio. Ukitaka kupanda juu kwenye zile njia za ukutani au kwenye paa, usimsumbue paroko, yeye siyo mwenye nyumba. Kwa sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na serikali, makanisa ya parokia yaliyokuwepo wakati huo yalibaki mali ya manispaa, na mapadre wana haki ya kuyatumia tu kwa ibada, makanisa makuu mengi ndo ya serikali kuu. Barua andikia ofisi ya mji wa Dijon, idara ya majengo ya kale, eleza wewe ni mwanafunzi, ambatisha barua ya mwalimu wako, na kwa kuwa jengo ni kumbukumbu ya taifa tegemea wataiuliza na idara ya utamaduni ya mkoa kabla ya kukujibu, kwa hiyo tuma wiki hii. Paroko muombe saa tu, na Jumapili asubuhi usiingie na tepu.